Picha za Angani Zisiwe Hakimu wa Bima

Kwa mwenye duka, ghala au nyumba ya kupangisha jijini Mwanza, hati ya bima si karatasi ya kufungiwa kabatini. Benki huidai kabla ya kutoa mkopo wenye dhamana ya jengo, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 imefanya bima ya majengo ya biashara na masoko ya umma kuwa ya lazima. Kwa hiyo kampuni ya bima inapokataa kuhuisha hati, hasara haiishii hapo. Mkopo hutikisika, na biashara hutikisika pamoja nao.

Ndiyo sababu wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa wanapaswa kulitazama mapema suala la picha za angani. Picha za setilaiti na za ndege zisizo na rubani zimekuwa rahisi kupatikana, na Mwanza si mgeni wa teknolojia hiyo. Oktoba 2018 jiji lilikuwa mwenyeji wa Lake Victoria Challenge, na mwaka huohuo ndege ndogo ya DHL ilifanyiwa majaribio ya kupeleka dawa Ukerewe, safari ya kilomita 60 kwa dakika 40. Chombo kinachobeba dawa hakishindwi kubeba kamera.

Nchini Marekani jambo hili limekwisha kuleta mzozo. Makampuni ya bima za nyumba yamekuwa yakinunua picha zilizopigwa kutoka juu, kuzipitisha kwenye kompyuta, kisha kuwaandikia wateja kwamba paa limechakaa na bima haitahuishwa. Baadhi ya wateja wamelalamika kwamba picha ni ya zamani, au kwamba kilichoonekana kama ubovu ni kivuli au doa tu. Wasimamizi wa bima katika baadhi ya majimbo, likiwamo Pennsylvania, wamelazimika kuyakumbusha makampuni kwamba picha ya angani peke yake haitoshi kumfutia mtu bima.

Utaratibu huo ukiletwa Mwanza kama ulivyo, makosa yatakuwa mengi zaidi. Nyumba za Isamilo, Bugando na Mabatini zimejengwa katikati ya majabali. Kutoka juu, jiwe lililotulia miaka na mikaka laweza kuonekana kama hatari inayoning'inia juu ya paa, ilhali msingi uliokaa juu ya mwamba, ambao ni nguvu ya nyumba, hauonekani kabisa. Bati lililopauka kwa jua si lazima liwe bati bovu, na bati jipya laweza kuficha kenchi iliyoliwa na mchwa.

Ziwa lenyewe nalo hubadilika. Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kilichopimwa Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42, kikaipita rekodi ya mwaka 1964. Maji yalimeza sehemu za fukwe na mialo, na baadaye yakarudi nyuma. Kampuni itakayotumia picha ya mwezi ule itaviona viwanja vingine kuwa sehemu ya ziwa, na itakayotumia picha ya kiangazi itaviona salama salimini. Tarehe ya picha, kwa mtu wa mwaloni, ina thamani ya fedha.

Wanaodhani kwamba macho ya angani hayakosei waitazame Malawi. Nchi hiyo ilikata bima ya ukame kwa African Risk Capacity kwa msimu wa 2015/16. Hesabu zilizotegemea takwimu za setilaiti zilionyesha kwamba fidia haistahili kulipwa, ilhali njaa ilikuwa imeingia vijijini. Uchunguzi wa mashambani ndio uliobaini kwamba wakulima wengi walikuwa wamehamia mahindi ya muda mfupi, tofauti na yale yaliyowekwa kwenye hesabu. Malawi ililipwa zaidi ya Dola za Marekani milioni 8, lakini kwa kuchelewa. Serikali ilikuwa na nguvu ya kudai hesabu irudiwe. Mwenye duka la Kirumba ataipata wapi nguvu hiyo?

Hata hivyo, kuzipiga marufuku picha hizo hakutakuwa busara. Kumpeleka mkaguzi Ukerewe, Ukara au Kome ni gharama ya boti, chakula na malazi, na gharama hiyo huishia kwenye ada ya mteja. Picha yaweza kuipunguza, na yaweza pia kumkamata mdanganyifu anayedai fidia ya ghala ambalo halikuwahi kujengwa.

Tatizo ni pengo la kanuni. Masharti ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga yanahusu urushaji wa ndege zisizo na rubani, si uamuzi wa kampuni ya bima, na setilaiti haiombi kibali cha kupita juu ya Mwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki dhidi ya uamuzi unaofanywa na mashine peke yake. Lakini sheria hiyo inalinda taarifa za mtu. Ghala lililosajiliwa kwa jina la kampuni laweza kubaki nje ya kivuli chake.

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) ina uwezo wa kuliziba pengo hilo kwa mwongozo mfupi wa masharti manne. Mteja aarifiwe kwamba picha ya angani imetumika. Aonyeshwe picha yenyewe pamoja na tarehe yake. Apewe muda wa kutosha kuipinga au kufanya ukarabati. Na bima isifutwe, wala fidia isikataliwe, kabla mkaguzi hajafika kwa miguu na kuliona jengo.

Masharti hayo hayamwonei mwenye hisa katika makampuni ya bima. Mchango wa sekta hiyo umekuwa takriban asilimia 2 tu ya pato la taifa, na soko changa kiasi hicho hukua kwa imani. Mteja mmoja aliyefutiwa bima kwa picha ya zamani atawaeleza soko zima.

Wakati mwongozo ukisubiriwa, mwenye mali asikae mikono mitupu. Apige picha za paa, kuta na msingi kila mwaka, zenye tarehe, na atunze risiti za mabati na za fundi. Barua ya kukataliwa ikija, adai sababu kwa maandishi, kisha apeleke lalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.