Milango ya Serikali Isifungwe kwa Wasioona

Tangu Serikali ya Kenya ilipoanzisha eCitizen mnamo 2014, huduma nyingi za umma zimehamia kwenye intaneti. Aombaye pasipoti au cheti cha kuzaliwa huelekezwa huko, na mwanafunzi atafutaye mkopo wa masomo vivyo hivyo. Je, asiyeona ataingiaje?

Yeye hutumia programu inayosoma maandishi ya kompyuta kwa sauti. Programu hiyo husoma maneno. Waraka ukitiwa sahihi na muhuri, kisha ukapigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti, mwenye macho huusoma bila taabu. Kwa asiyeona, aghalabu huwa ni karatasi tupu. Fomu nayo isipotaja kila nafasi ni ya kujazwa nini, humwacha akibahatisha. Hatimaye hulazimika kumwomba mtu amjazie, akimkabidhi hata neno lake la siri.

Kuna pia suala la lugha. Kila ukurasa huweza kutiwa alama ya kuifahamisha kompyuta lugha iliyotumiwa. Ukurasa wa Kiswahili ukitambulishwa kuwa wa Kiingereza, maneno yetu hutamkwa Kizungu hata msikilizaji asiambulie kitu.

Huenda wakubwa wakadai kwamba marekebisho yatagharimu fedha nyingi. La hasha! Waraka huo uliandikwa kwa kompyuta kabla ya kupigwa picha. Utolewe jinsi ulivyoandikwa. Kueleza picha kwahitaji sentensi moja tu.

Isitoshe, hili si ombi la hisani. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kupata habari, na ya kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine imfaayo. Kifungu cha 7, kihusucho lugha, kinaiagiza Serikali ikuze Breli na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kumnyima raia habari kwa njia aifahamuyo ni kumnyima lugha.

Twapendekeza kwamba tovuti yoyote ya umma isizinduliwe kabla ya watu wasioona kuijaribu, wakajaza fomu zake hadi mwisho pasi na msaada, na walipwe kwa kazi hiyo. Nasi walimu tuwazoeze wanafunzi kueleza kwa maneno kila picha waiwekayo kwenye kompyuta, kwani miongoni mwao wamo watakaoziunda tovuti za kesho.

Hujafa hujaumbika. Mlango tunaompuuzia mwenzetu leo, huenda kesho tukaupapasa wenyewe.