Siulaumu Mto Zigi, namlaumu mwenye ufunguo wa tanki

Nyie mliozoea kupata hapa habari za bumu kuchelewa na nani kadisko, leo mtasubiri kidogo. Leo nina maneno na maji.

Wiki hii limebandikwa tangazo kwenye mlango wa bwalo letu: wanafunzi tunashauriwa tusinywe maji ya bomba, tutumie maji ya chupa. Mistari miwili, mhuri, sahihi, basi. Chini yake kuna jamaa kaandika kwa wino mwekundu, "Na hela mtatupa?" Huyo jamaa simjui, ila kwangu mimi ndiye profesa wa mwaka.

Tangazo lile nimelikataa, na nitaeleza kwa nini. Sisemi kwamba maji tunayochota bwenini ni masafi. Siyo! Nimelikataa kwa sababu linamtaja mtuhumiwa ambaye siye, halafu linampelekea bili mgonjwa.

Hebu tuyafuate maji yenyewe. Maji ya jiji la Tanga yanatoka Mto Zigi, ambao unaanzia kule juu kwenye misitu ya Usambara Mashariki, upande wa Amani. Yanakusanywa kwenye bwawa la Mabayani, yanasafishwa pale Mowe, ndipo yanasukumwa kuja mjini. Kusafisha maana yake nini? Unatia dawa ya jamii ya shabu, ile ile bibi zetu walikuwa wanazungusha kwenye ndoo, tope linashikana na kuzama. Maji yanachujwa kwenye mchanga, halafu yanatiwa klorini kuua vijidudu. Na klorini haiishii pale. Kiasi kidogo kinaachwa makusudi kisafiri na maji njia nzima, kama askari anayesindikiza mzigo. Shirika la Afya Duniani linataka maji yakifika kwa mtumiaji yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita.

Sasa huyo askari anauawa wapi? Kwetu anauawa kwenye tanki. Yule rafiki yangu anayesoma mambo ya maabara alikuja na dawa ya kupimia klorini, ile ambayo maji yenye klorini yanageuka rangi ya waridi. Tukaanza na bomba la uani, linalotoka moja kwa moja kwenye mita. Rangi ikaja. Tukaenda kwenye koki ya bwenini, ambayo inatoka kwenye simtanki la juu. Maji yakabaki kama yalivyo, meupe pee. Mto ule ule, mtambo ule ule, bili ile ile! Kati ya koki mbili kuna hatua kama arobaini na tanki moja ambalo mfuniko wake umepasuka. Najua hicho si kipimo cha kupeleka mahakamani. Lakini kinatosha kumuuliza mtu swali.

Kwa wasiojua, klorini ni kitu cha kupotea. Joto linaipunguza, jua linaipunguza, na uchafu ndio unaoimaliza kabisa, kwa sababu kila tope na kila jani lililooza linakula sehemu yake. Tanki ambalo halijaoshwa lina ute kwenye kuta na matope chini. Ndege anatua, mjusi anatumbukia, na sisi huku chini tunajaza chupa tukisema "maji ya Tanga mabaya." Maji ya Tanga yamekukosea nini? Mamlaka ya maji kazi yake ya bomba inaishia kwenye mita. Baada ya mita, mwenye nyumba ndiye mamlaka. Na mwenye nyumba wetu ana ufunguo wa ngazi ya kupandia kwenye tanki, ufunguo ambao tangu nimefika hapa sijauona ukitumika.

Watu wa pwani hatuna sababu ya kufundishwa hili na mzungu. Bibi zetu walijua kwamba maji mazuri kwenye chombo kibaya ni maji mabaya. Mtungi ulioshwa, ukafukizwa ubani, ukafunikwa. Kulikuwa na kata ya kuchotea na kikombe cha kunywea, na mtoto aliyechovya kikombe mtungini alikiona cha moto. Bibi hakujua bakteria ni nani. Lakini alijua mlinzi wa maji ni yule anayeshika chombo. Leo tuna wasomi wenye shahada mbili mbili na tanki la lita elfu kumi, na hakuna wa kulisugua.

Tuje kwenye chupa. Kioski chetu kinauza lita moja na nusu kwa shilingi 1,000. Kunywa moja tu kwa siku, na kwa joto hili la Tanga haitoshi, mwezi unaisha umetumia 30,000. Semista ya miezi minne, 120,000. Posho ya chakula na malazi ya wanaopata mkopo ilipandishwa mwaka 2022 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa hiyo chupa moja inakula sehemu ya kumi ya posho kabla hujagusa hata andazi. Na wasio na mkopo je? Hao wanakunywa ya tanki, wanakaa kimya, wanaumwa tumbo wiki ya mtihani. Wakati huo huo uniti moja ya maji ya bomba, yaani lita 1,000, ndoo hamsini za lita 20, unaipata kwa bei ya chupa chache tu.

Utasema, "Si mchemshe?" Haya, soma kanuni za bweni: jiko marufuku, hita marufuku. Naelewa hofu ya moto, mabweni mengi yameungua nchi hii. Lakini angalia mtego ulivyokaa: usinywe ya bomba, usichemshe, nunua. Hapo aliyeambiwa alinde afya yangu amejivua mzigo, kaniachia mimi na muuza kioski.

Na si jambo la kuchekea. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea karibu nchi nzima. Hadi Aprili 2016 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa zaidi ya 24,000, Bara na Zanzibar, na waliokufa walizidi 370. Ugonjwa ule hauulizi nani ana hela ya chupa. Akiugua mmoja asiyeweza kununua, choo ni kimoja, bwalo ni moja, masufuria ni yale yale. Chupa yako haikukingi na jirani yako.

Kuna wanaonipinga, na hoja yao moja nzito naikubali. Masika maji ya bomba nayo huja na rangi. Mvua ikipiga milimani Zigi inabeba udongo wa mashamba, na tope likizidi kazi ya kusafisha inakuwa ngumu. Pia bomba likikauka halafu likawa na ufa, maji machafu ya nje yanaweza kunyonywa ndani. Kweli kabisa. Lakini hiyo ni sababu ya kulichunga tanki zaidi! Tope la masika likishaingia kwenye simtanki halitoki lenyewe kiangazi. Linakaa pale mpaka mtu apande na brashi.

Halafu tazameni wenzetu wanafanya nini kwa ajili ya glasi yetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kudumu za binadamu. Kwa mkulima wa kule Amani mwenye kishamba kidogo, mita 60 ni mihogo ya watoto. Wapo wakulima waliojiunga kwenye umoja wao, UWAMAKIZI, kuhifadhi mazingira ya Kihuhwi na Zigi. Hapa mjini nako, mwaka 2024 mamlaka ya maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, kuboresha na kupanua huduma ya maji. Watu wameweka akiba zao humo! Mkulima anaombwa aache ardhi, mwananchi anaombwa aweke pesa, maji yanasafiri kutoka mlimani mpaka Raskazone yakiwa salama... halafu yanakuja kuharibikia juu ya vichwa vyetu kwa kukosa brashi na mtu wa kupanda ngazi. Aibu hiyo!

Kwa hiyo wakubwa zangu, shikamooni, naomba mnisikilize. Sidai miujiza:

1. Tanki lioshwe mwanzo wa kila semista na tena baada ya masika. Limwagwe lote, lisuguliwe, litiwe dawa ya klorini, lisuuzwe. Ni kazi ya siku moja.

2. Mfuniko mpya, wenye kufuli. Gharama yake haifiki hata ya mahafali ya nusu saa.

3. Koki moja ya maji ya kunywa itolewe moja kwa moja kwenye bomba la mita, isipite kwenye tanki.

4. Tarehe ya kuosha na matokeo ya vipimo yabandikwe pale pale lilipobandikwa tangazo. Ubao upo, gundi ipo.

Na sisi wanafunzi tusijifanye malaika. Ndoo ya chumbani ifunikwe, mkono usichovywe. Vidonge vya klorini vinauzwa maduka ya dawa, vile vya kawaida kimoja kinatosha ndoo ya lita 20, subiri nusu saa. Asiye na hela ajaze maji maangavu kwenye chupa nyeupe ya plastiki, ailaze juani saa sita, kukiwa na mawingu siku mbili. Jua la Raskazone halina bili. Lakini mtu asije akachukua haya akasema basi, tatizo limekwisha, wanafunzi wanajitibia maji wenyewe. Hiyo ni huduma ya kwanza tu. Dawa ni brashi.

Serikali ya wanafunzi inakutana na uongozi Ijumaa hii. Kiongozi atakayekwenda pale akaomba chupa zipunguzwe bei, ajue kura yangu ameikosa. Aombe ufunguo wa ngazi.

Nawakilisha.