SIMBA HUCHAGUA MAHALI

Wengi hudhani kwamba simba huwinda pale tu palipojaa wanyama, na kwamba nguvu zake ndizo zinazompatia riziki. Dhana hii ina upungufu, na huku kwetu kusini upungufu huo unagharimu maisha ya watu.

Mwaka 2005 wataalamu Hopcraft, Sinclair na Packer walitoa utafiti wao kuhusu simba wa Serengeti. Waligundua kuwa simba huhama kwa msimu kufuata makundi ya wanyama, lakini akishafika huko, hawindi penye wanyama wengi zaidi. Huwinda pale ambapo mnyama ni rahisi kukamatika: penye vichaka, kwenye kingo za makorongo, karibu na maji. Sababu iko wazi. Simba ana mbio kali, lakini ni za kitambo kifupi. Nyumbu akimwona mapema, humtoka. Kwa hiyo bila maficho, nguvu za simba hazimfai kitu.

Sasa tujitazame sisi. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania, wengi wao katika maeneo ya kusini kama Rufiji na Lindi. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno. Nguruwe mwitu huingia mashambani, simba huwafuata, na mkulima yumo dunguni akilinda mazao yake, huku mimea mirefu imemzunguka. Utafiti mwingine wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa hatari huongezeka katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Nanyi mnaohesabu tarehe za Hijria mnalielewa hili kwa urahisi: baada ya tarehe 15 mwezi huchelewa kuchomoza, na saa za baada ya Magharibi huwa giza totoro.

Wapo wanaosema kuwa simba anayekula watu katumwa na mchawi. Nionavyo mimi, kauli hii ina madhara mawili. Kwanza, humtia jirani asiye na hatia katika chuki na pengine kifo. Pili, kijiji hubaki kikimsaka mchawi, na kichaka kilichomficha simba kinabaki pale pale, kikimsubiri mwingine.

Hivyo basi, tuanze na mahali. Tufyeke vichaka vinavyozunguka nyumba, choo na njia ya kisimani. Watoto wasitumwe peke yao usiku, hasa katika siku hizo za giza. Wakulima washirikiane kuwadhibiti nguruwe, na mtu asilale peke yake kwenye dungu bovu.

Simba hutazama ardhi kabla ya kuwinda. Nasi tuitazame kabla yake.