Mto Katuma na Wajibu wa Mashirika ya Wananchi

Mkulima wa Usevya, mkoani Katavi, hungoja msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, ule uanzao Novemba na kwisha Aprili. Mvua ikichelewa, siku hizi husemwa mara moja kwamba sababu ni mabadiliko ya tabianchi. Jibu hilo ni kweli, lakini si kweli yote.

Mto Katuma hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha maji yake huteremka kwa Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Watafiti wameeleza kwamba kiangazini mto huo hupungukiwa mno kwa sababu zilizoungana: mashamba ya mpunga ya upande wa juu huchepusha maji kwa mabwawa ya udongo, na misitu hufyekwa. Viboko wa Katavi, warundikanao katika vidimbwi vya matope, ni mashahidi wa jambo hilo. Joto la dunia huzidisha shida, kwa kuwa huharakisha maji kugeuka mvuke. Walakini halikujenga bwawa hata moja.

Kwa hiyo shirika lisilo la kiserikali lilaumulo anga peke yake humnyang'anya mwananchi silaha yake. Mtu wa Usevya hawezi kuzima moshi wa viwanda vya ng'ambo, bali aweza kupatana na jirani yake wa juu ya mto.

Hapo ndipo penye kazi ya mashirika ya mahali. Kampeni ya WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, iliyoendeshwa Mpimbwe katika miaka ya 2010, ilishughulikia uuaji wa simba kwa kuzungumza na wanavijiji wenyewe. Njia hiyo yafaa kwa maji pia. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu jumuiya za watumia maji. Shirika lizisaidie kukutanisha wa juu na wa chini. Tena liweke kipimo cha mvua katika kila shule ya msingi na ubao wa kupimia kina cha mto, na takwimu zifikishwe kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa.

Miche hugawiwa kwa siku moja mbele ya wafadhili. Daftari la mvua huandikwa kwa miaka ishirini. Shirika lipimwe kwa daftari hilo. Bila vipimo, ugomvi wa maji hauna mwamuzi, na asiye na mwamuzi hushika rungu.