Acheni kujificha nyuma ya Steve Jobs!

Jamani, kuna orodha inazunguka huku Pemba, kutoka Wete mpaka Mkoani, na sasa imenichosha. Kaa maskani yoyote ya vijana waliosoma, thubutu kusema neno juu ya bangi au unga, utasomewa orodha: Steve Jobs alitumia LSD. Aldous Huxley alitumia meskalini. The Beatles je? Kary Mullis? Francis Crick? Halafu msomaji wa orodha anakutazama kama wakili aliyeshinda kesi: "Sasa wewe nani?"

Mimi ni mwandishi wa habari tu. Kazi yangu ni kuuliza, basi tuulize.

Crick kwanza. Hadithi kwamba aliliona umbo la DNA akiwa amelewa LSD ilienea baada ya kufariki kwake 2004, wakati hawezi tena kujibu. Ushahidi hakuna. Kilichopo ni kazi iliyochapishwa 1953, ikiegemea picha ya eksirei kutoka maabara ya Rosalind Franklin.

Mullis kweli alitumia, na mwenyewe alisema ilimsaidia. Alipata Nobel ya Kemia 1993. Lakini orodha haimalizii habari: ni huyo huyo aliyebisha kwamba HIV ndiyo inayosababisha Ukimwi. Sisi Waafrika tuliozika ndugu zetu, kichwa hicho tukifuate chote au nusu?

Beatles? Lennon na Harrison walionja LSD mara ya kwanza 1965, tena walitiliwa kwenye kahawa bila kujua. Wakati huo dunia nzima ilishawajua, baada ya kusugua magitaa usiku kucha katika vilabu vya Hamburg tangu 1960. Huxley naye alimeza meskalini 1953 mbele ya daktari, akiwa na miaka 58, na Brave New World alishaichapisha 1932. Kipaji kilitangulia, wakubwa!

Na mbona Syd Barrett hamumtaji? Huyu alikuwa nguzo ya Pink Floyd, akaibugia LSD, 1968 akawa nje ya bendi, akaishi kwa kujificha mpaka alipofariki 2006. Orodha yenu inahesabu walionusurika tu.

Lakini udanganyifu mkubwa ni huu: nani kati yenu pale maskani anatumia LSD? Kilichopo ni bangi, na kinachotumaliza ni unga, yaani heroini. Hivi si ndugu. LSD huchezea macho na fikra. Unga hukamata mwili mzima, ukiukosa unashikwa na arosto, unauza hata mlango wa mama yako. Sindano inayopita mkono kwa mkono inapita na HIV na homa ya ini. Ndiyo maana Zanzibar ina nyumba za soba, na ndiyo maana 2015 ilianza kutoa methadoni kule Kidongo Chekundu, Unguja. Nitajieni Steve Jobs mmoja aliyetengenezwa na unga. Nasubiri.

Wengine watasema wanasayansi wanaupima uyoga wa kulevya kama dawa ya sonona, mfano Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Kweli. Wanapima dozi, wanachuja wagonjwa, daktari yuko pembeni. Maskani kwenu daktari ni nani?

Msinielewe vibaya. Teja simchukii. Teja ni mgonjwa, na wanaompiga mawe kama mwizi nao waone haya. Ninayepambana naye ni msomi anayempa mdogo wake kisingizio kizuri cha kuanza, kisha yeye anarudi ofisini Jumatatu.

Na kwa nini tuombe mifano California? Kisiwa hiki kilimtoa Kamange, kikamtoa Sarahani, washairi ambao tungo zao bado zinasomwa miaka mingi baada yao. Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika Sauti ya Dhiki akiwa jela Kenya, 1969 hadi 1972, kwenye karatasi za chooni. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar kijana wa miaka kumi na minane hivi, akaandika riwaya baada ya riwaya mpaka Nobel ikamfuata 2021. Mkiwasoma hao mtaona kazi, na kazi ndiyo sehemu ambayo orodha yenu huiruka kila siku.

Naomba kutoa hoja.