Baraza la Mwalimu: Oili ya Motokaa Huenda Wapi?

Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na habari ya dumuzi na ghala za mahindi. Mtatuwia radhi, ahadi hiyo na ingoje kidogo, maana limetokea jambo hapa mtaani kwetu ambalo limetutahayarisha, nalo huenda limo katika mitaa mingine pia, popote palipo motokaa ya watu wengi na daftari la fedha.

Motokaa yetu ni ya petroli, wala si changa tena. Kazi yake ni kuchukua wagonjwa na wanawake wenye uchungu wa kuzaa kutoka vijiji vya milimani hapa Usambara, na kutufikisha sisi walimu siku za mafundisho. Miezi mitatu iliyopita mweka hazina alifungua daftari mbele ya wazee wa kanisa, akaonyesha ya kuwa zamani lita 40 za petroli zilitosha kilometa 360, lakini sasa hazifiki hata 270. Tena oili, ambayo zamani ilikuwa haiongezwi kabisa, sasa hununuliwa lita nzima kila majuma mawili. Akafunga daftari bila kusema neno. Wengine ndio waliosema. Walisema petroli haina miguu, bali dereva anayo. Kijana huyo amebatizwa juzijuzi, ameoa mwaka huu, na juma lile lile alikuwa ameezeka nyumba yake kwa bati. Basi hesabu ikaonekana imekwisha. Akanyang'anywa ufunguo, nasi twakiri kwamba tulikuwapo barazani tukanyamaza.

Aliyesimama upande wake ni mzee mmoja, fundi wa zamani, ambaye sasa hulima mboga. Aliuliza hivi tu: "Mwalimu, petroli hunyonywa kwa mpira na kuuzwa, hilo twalijua. Lakini oili nyeusi iliyokwisha kutumika, mwizi ataitoaje ndani ya injini, na ataiuza kwa nani?" Hatukuwa na jibu. Akaomba apewe ufunguo yeye kwa majuma mawili, kijana asiiguse motokaa. Wazee wakakubali.

Neno la kwanza alilotufundisha ni hili, kwamba oili ipunguayo hutoka nje ikadondoka, au huungua ndani pamoja na petroli. Ipo njia ya tatu, nayo ni kuchanganyika na maji ya rejeta. Hapo utaona povu kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, na moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikiisha kupata moto. Ukiona hayo, simamisha safari. Lakini kwetu hayakuwapo. Basi jioni fundi akatandika kipande cha boksi chini ya injini. Asubuhi tukainama sote kama watu watafutao sindano. Matone meusi au ya kahawia ni oili ya injini. Mekundu mara nyingi hutoka katika giaboksi ya otomatiki. Maji safi ya kiyoyozi si ugonjwa. Boksi letu lilikuwa kavu. Akapenya chini akatazama kama pana vumbi lililolowa, maana iko mivujo isiyodondoka ila motokaa inapokwenda. Nako kukavu. Basi oili yetu ilikuwa ikiungua.

Kisha alitaka kupima, akacheka alipojua ya kuwa siku zote tulikipima kijiti cha oili motokaa ikiwa imesimama mtelemkoni mbele ya kanisa. Hapo kijiti husema uongo. Yapasa mahali tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa ili oili irudi chini; uchomoe kijiti, ukifute kwa kitambaa, ukirudishe mpaka mwisho, ndipo ukichomoe tena usome. Wala usijaze kupita alama ya juu, kwa kuwa oili iliyozidi hupigwa ikawa povu na kutupwa nje kwa njia ya pumzi ya injini. Petroli nayo alijaza tangi mpaka shingoni, akaandika kilometa, akaenda kazi zote za juma, akajaza tena mpaka shingoni palepale, akagawanya. Ikatoka kilometa 6.7 kwa lita. Kijana yumo shambani kwake, ufunguo u mfukoni mwa fundi, na petroli yaendelea kupotea.

Siku ya nne tulishuka naye kutoka Lushoto mpaka Mombo, njia ya kona na miteremko ya zaidi ya kilometa 30. Sisi tuliwekwa nyuma kutazama moshi. Alishuka ameondoa mguu kwenye petroli, gia imeshika, kisha akakanyaga kwa ghafula. Kama zile sili ndogo za vali zimekauka, alisema, injini hunyonya oili wakati wa kushuka, na ukikanyaga tena hutoka wingu la buluu. Halikutoka. Lakini tulipopanda kurudi, moshi wa buluu ukatufuata tangu chini mpaka juu. Buluu ni oili. Mweusi ungekuwa petroli iliyozidi.

Nyumbani alianza na kitu cha bei ndogo, ile vali ndogo itoayo pumzi za injini. Ikiziba, mgandamizo huongezeka ndani na kuisukuma oili isikotakiwa; wako watu waliofungua injini nzima kwa ajili ya kipande hicho. Yetu ilikuwa safi. Akafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, ikapumua mshindo kwa mshindo kama mtu mwenye pumu. Akatoa plagi nne. Tatu zilikuwa kavu, za rangi ya kahawia. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi, imelowa oili. Kisha akatia kipimo cha mgandamizo katika kila silinda: 12, 12, 7, 12. Katika ile ya tatu akatia kijiko kimoja cha oili akapima tena, ikapanda mpaka 11. Isingalipanda, kosa lingalikuwa katika vali. Imepanda, basi ni ringi za pistoni, kwa maana oili ile iliziba mwanya wake kwa kitambo.

Hapo tuliuliza jinsi ringi inavyoweza kula petroli. Pistoni kwa kawaida ina ringi tatu. Mbili za juu huzuia nguvu ya moto isipite chini, ya tatu hukwangua oili isipande juu. Zikikwama, oili hupanda ikalowesha plagi, cheche ikashindwa, na petroli ya silinda ile ikatoka bila kuungua. Dereva, akiona nguvu imepungua, hukanyaga zaidi. Tena katika bomba la moshi mna kipima oksijeni. Silinda isiyowaka hutoa hewa yenye oksijeni nyingi, nacho hudhani petroli ni haba, kikaiarifu kompyuta ya motokaa iongeze. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. (Msomaji ambaye petroli yake imezidi lakini oili haipungui asifungue injini kwa ajili ya maneno haya, aanze na upepo wa magurudumu, breki inayoshika, na chujio la hewa.)

Mmoja wetu alishauri tutie oili nzito zaidi, kama wafanyavyo wengi. Fundi akasema moshi ungepungua kwa muda, na motokaa ingeuzwa vizuri kwa mtu asiyejua.

Lakini kwa nini ringi zilikwama? Aliomba daftari la mweka hazina, lile lile. Tulikuwa tumeagiza oili ibadilishwe kila kilometa 5,000. Daftari likaonyesha ya kuwa badiliko la mwisho lilikuwa kilometa 14,000 nyuma. Oili ya namna hiyo hugeuka masizi na kuzigandisha ringi katika mifereji yake. Kuahirisha kulikatwa barazani mara mbili, ili fedha ipatikane kwa madirisha ya kanisa, nasi tuliinua mkono mara zote mbili. Kijana dereva ndiye aliyekuja kutukumbusha, tukamwambia angoje.

Injini imefunguliwa, ringi zote zimebadilishwa. Kwa neema ya Mungu kuta za silinda hazikukwaruzwa. Gharama yake imepita mara nyingi bei ya oili tuliyojidai kuiokoa. Zile bati alipewa na baba mkwe wake, jambo ambalo hakuna aliyemwuliza.

Mzee aliyesema neno la miguu alisimama mbele ya watu akamwomba radhi, nasi tukasimama baada yake. Kijana alipokea ufunguo, akaomba apewe daftari lake mwenyewe. Ukurasa wa kwanza una mistari michache tu. Wa mwisho wasema: lita 38, kilometa 340, oili ipo alama ya juu.