Shamba Lisilo na Hati



Vijana wengi watuuliza: mtu aliyenyang'anywa shamba, na babaye hakuwa na hati, ana haki gani? Jawabu moja lilitoka huku huku kwetu Mbulu.

Katika Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu (zama hizo wilaya ya Mbulu, leo Karatu), baba na mwanawe walimiliki ardhi kwa mila. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawaondoa, wakapewa wengine. Hawakushika mikuki. Januari 1987 walifungua kesi kwa Hakimu Mkazi, Arusha, wakashinda, wakarejea shambani mwao. Rufaa ingali ikingoja, Bunge likatunga Sheria Na. 22 ya 1992: haki za mila katika vijiji zimefutwa, fidia hapana, kesi zikome, na hukumu zisitekelezwe!

Baba na mwana wakaishitaki Serikali. Wakashinda Mahakama Kuu, Serikali ikakata rufaa. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua kuwa haki ya ardhi ya mila ni mali iliyolindwa na Katiba, na kumwondolea mtu haki hiyo pasi na fidia ya haki ni kuivunja Katiba. Nasi twajua onyo la Mtume (S.A.W.), kwamba adhulumuye hata shibiri moja ya ardhi atavishwa ardhi saba shingoni.

Lakini dhulma yataka kuthibitishwa. Wanakijiji wa Mulbadaw, Hanang, walishitaki NAFCO, shirika la Serikali lililolima ngano, wakashinda mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu: baraza la kijiji halikuonyesha kuwa liligawiwa ardhi ile, na kila mdai alipaswa kuthibitisha haki yake mwenyewe. Hata katika dini yetu ushahidi ni juu ya mwenye kudai. (Shahidi wa kukodi simtaji, hukumu ipatikanayo kwa uongo ni kipande cha moto, hata hakimu akiitia sahihi.)

Basi, ewe kijana, mkalishe babu yako leo, uandike mpaka ulipo, mti gani, jiwe gani, nani alifyeka pori na jirani gani aliona. Wala usikawie kudai, kwani sheria ya nchi yampa mdai wa ardhi miaka 12 tu, nayo huhesabiwa tangu siku aliyonyang'anywa.